Kitanda au Kinanda

Kazi ya Mama Chiriku ilikuwa kusikiliza. Miaka kumi na mitatu alikuwa ameketi katika chumba kidogo nyuma ya mahakama, hedifoni masikioni, mguu wa kulia juu ya kanyagio la kurudisha sauti nyuma, akipiga chapa kila kilichosemwa mbele ya hakimu. Maswali ya mawakili, majibu ya mashahidi, vikohozi, vilio, vyote vilipita vidoleni mwake. Sheria ya kazi hiyo ilikuwa moja: andika kilichosemwa, si kilichopaswa kusemwa. Mtu akitukana, aliandika tusi. Mtu akinyamaza, aliandika kwamba amenyamaza. Na pale sauti ilipokuwa mbovu kiasi kwamba neno halikamatiki, aliruhusiwa kuandika "haisikiki" na kuendelea. Wenzake waliliandika neno hilo mara kumi kwa siku bila wasiwasi. Yeye aliweza kurudia sekunde mbili za sauti mara thelathini kabla ya kukubali kushindwa.

Ndiyo maana jambo la wimbo lilipozuka shuleni kwa binti yake, macho yote yalimgeukia yeye.

Binti huyo alikuwa na miaka kumi na mmoja. Walimwita Chiriku kwa sababu tangu alipojua kusema hakuwahi kunyamaza. Akiwa hasemi basi anaimba, na akiwa haimbi basi amelala. Msimu ule alikuwa akiimba wimbo mmoja tu, na hakuwa peke yake. Wimbo ulikuwa kila mahali: saluni, duka la dawa, kwenye simu za wapita njia. Mwimbaji wake alikuwa msichana aliyejiita Binti Radi, na kiitikio chake kilikuwa kitamu kiasi kwamba hata mtu aliyeuchukia wimbo alijikuta akikipigia mluzi.

Siku ya michezo shuleni, mtu aliyekodiwa kuleta vipaza sauti aliupiga wakati watoto wa darasa la tatu wanashindana kuruka ndani ya magunia. Shule nzima, kuanzia la kwanza hadi la saba, ikaitikia kwa sauti moja, mikono viunoni. Walimu wakatazamana. Wazazi waliokuwa wameketi chini ya turubai wakatazamana pia, kisha wakaangalia chini. Keshokutwa yake barua ikatoka: wazazi wote mnaombwa kufika.

Mkutano ulifanyika darasani, wazazi wakiwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani. Mwenyekiti wa kamati ya wazazi, muuza matairi mwenye mwili mkubwa na sauti ya kuujaza, alisimama mbele ya ubao.

"Wazazi wenzangu," alianza, "nisizunguke. Wimbo huu unasema kitanda changu chalia, mpaka jirani agonge ukuta. Kitanda! Hebu niambieni, mtoto wa darasa la kwanza ana kitanda gani cha kulia?"

Watu wakacheka, wengine wakaguna. Muuguzi mmoja aliyekuwa amekuja na sare yake ya kazi akanyoosha mkono.

"Samahani, Mwenyekiti. Si kitanda. Ni kinanda. Kinanda changu chalia. Ni habari za muziki tu."

"Kinanda? Mpaka jirani agonge ukuta?"

"Ukipiga kinanda usiku kucha, jirani hagongi?"

Kutoka nyuma, baba mmoja akasema kwa unyonge kwamba yeye siku zote alidhani ni kidonda. Darasa likaangua kicheko, na kwa dakika nzima hakuna aliyesikilizwa. Wengine kitanda, wengine kinanda, na yule baba akabaki na kidonda chake peke yake.

Mwalimu mkuu, mwanamke mwembamba ambaye hakuwahi kupandisha sauti, aligonga meza kwa kalamu.

"Tunagombana kuhusu wimbo ambao hakuna hata mmoja wetu anayejua unasema nini," alisema. "Mama Chiriku, wewe si ndiyo kazi yako? Tuandikie. Neno kwa neno, tangu mwanzo hadi mwisho. Jumamosi ijayo tuusome, halafu tuamue kama tunaupiga marufuku hapa shuleni na kuwaandikia watu wa redio."

Mama Chiriku angeweza kusema ana kazi nyingi. Lakini ukweli ni kwamba alikuwa anawashwa na jambo hilohilo. Wiki tatu alikuwa amemsikia mwanawe akiimba huku anapiga pasi sare zake, na wiki tatu, yeye ambaye mahakimu walimtegemea, hakuwa na hakika na neno la kiitikio.

Jumapili mchana, Chiriku akiwa amekwenda kwa shangazi yake, aliweka kompyuta juu ya meza ya chakula, akavaa hedifoni na kuanza. Mumewe, fundi bomba, alikuwa ameketi sakafuni juu ya magazeti, akifungua koki iliyokuwa ikivuja.

Ubeti wa kwanza ulikwenda haraka. Ubeti wa pili aliingia mwanamume, sauti nzito ya kujidai, na maneno yake hayakujificha nyuma ya kitu chochote. Alitaja vitu kwa majina yake. Mume aliinuka kunyoosha mgongo, akachungulia kwenye kioo cha kompyuta, na spana ikamponyoka.

"Haya mambo yanapigwa redioni mchana kweupe?"

"Redioni wanakata vipande. Kwenye simu hawakati."

"Na wewe unayaandika hivihivi, uso mkavu?"

"Baba Chiriku, kazini naandika makubwa kuliko haya kabla ya chai ya saa nne."

Na kweli uso wake ulikuwa mkavu. Vidole vilikwenda vyenyewe, mstari baada ya mstari, hadi ubeti ukaisha. Kilichomsumbua ni kiitikio. Alisikia "ki", halafu ngoma inaanguka, halafu "anda". Alipunguza kasi ya sauti nusu. Ki, du, anda. Wimbo mzima ulilirudia neno lile mara kumi na nne, na mara zote kumi na nne ngoma ilianguka palepale, kama mtu anayefunika mdomo wa mwenzake.

Alimpa mumewe hedifoni. "Wewe unasikia nini?"

Mume akasikiliza, kichwa kikimtingishika kwa mdundo. "Kitanda."

"Una hakika?"

"Mke wangu, mimi ni fundi bomba, lakini kitanda kinacholia nakijua."

Alimtupia mto wa kiti. Lakini ushahidi wa mtu mmoja haukumtosha. Chiriku aliporudi jioni, mama yake alimuuliza kwa sauti ya mtu anayeuliza chumvi iko wapi. "Hivi ule wimbo wenu, pale kwenye kiitikio, anasema nini?"

"Kinanda," Chiriku akajibu bila kusita. "Kinanda changu chalia, mpaka asubuhi chalia. Anapiga kinanda, Mama." Akaenda zake kuvua viatu.

Mama Chiriku akashusha pumzi. Basi mtoto yuko salama. Alichosikia ni chombo cha muziki. Halafu wazo jingine likamjia, nalo halikumpendeza: kama kuna kitu ndani ya nyumba hii kitakachomfundisha mtoto upande wa pili wa wimbo, ni karatasi hii anayoiandika yeye mwenyewe. Aliikunja mara nne na kuisukuma chini kabisa ya mkoba wake wa kazini.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, alipiga namba iliyoandikwa chini ya video ya wimbo. Akapokea kijana mwenye sauti ya usingizi.

"Unahitaji msanii kwa tamasha?"

"Hapana. Nahitaji neno moja. Nimepiga kutoka mahakamani, mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu za..."

Upande wa pili usingizi ulikatika. Alisikia minong'ono, kiti kikiburutwa, kisha kijana akarudi na adabu zake zote. Mama aje Alhamisi, saa kumi, kama itampendeza.

Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Ngazi zilinuka rangi. Ndani, kuta zilikuwa zimebandikwa trei za mayai na vipande vya zulia kuukuu, na dirisha lilikuwa limezibwa kwa godoro. Prodyuza, yule kijana aliyepokea simu, akiwa amevaa soksi bila viatu, alisimama kama mwanafunzi aliyeitwa ofisini. Kwenye kochi aliketi msichana mdogo wa umbo, miwani mikubwa usoni, kitambaa kichwani, akishona kifungo kwenye gauni linalong'aa. Mama Chiriku alitafuta Binti Radi yuko wapi kabla ya kuelewa kwamba ndiye huyo.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama," prodyuza akadakia, "tumeshtakiwa na nani?"

"Kushtakiwa?"

"Si ulisema umepiga kutoka mahakamani?"

Alipowaeleza habari za shule, za kitanda, kinanda na kidonda, prodyuza alikaa chini akafuta jasho, na msichana akacheka hadi sindano ikamchoma kidole.

"Ni kinanda," alisema. "Kiitikio kile nilikitunga nikiwa na miaka kumi na mitatu. Mjomba aliniletea kinanda kilichotumika. Kibao chake kimoja kilikuwa kibovu, ukikibonyeza hakinyamazi, kinalia tu mpaka uchomoe waya ukutani. Usiku mmoja nilisinzia juu yake. Jirani akagonga ukuta hadi tukafikiri nyumba inabomoka. Ndiyo hiyo mpaka asubuhi, ndiyo hiyo jirani agonge ukuta. Hakuna kingine."

"Na ngoma inayoangukia neno?"

Prodyuza aliinua mkono, haya kidogo, majivuno mengi. "Hiyo ni kazi yangu. Nilijua watu watabishana. Wakibishana, wanarudia kusikiliza. Wewe mwenyewe, Mama, umerudia mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Unaona!"

Akazima ngoma, akazima gitaa, akaacha sauti ya msichana peke yake. Chumba kikajaa sauti nyembamba, safi, isiyo na nguo. Kinanda changu chalia. Hapakuwa na shaka hata chembe. Mama Chiriku alitoa karatasi, akalijaza neno lake mara kumi na nne kwa kalamu, na akahisi raha ileile anayoipata kazini pale kelele za chumba cha mahakama zinapofunguka na neno kutoka. Alikuwa ameshasimama kuaga.

"Mama, naweza kuona ulivyoandika?" msichana akauliza.

Alisoma kwa kidole, midomo ikicheza. Ubeti wa kwanza alisahihisha neno moja. Alipofika ubeti wa pili alicheka kidogo, kisha akaacha. Alisogeza karatasi karibu na taa.

"Sijawahi kuyaona yameandikwa," alisema.

Kidole kilikuwa kimesimama kwenye mstari mmoja. Haukuwa miongoni mwa ile iliyomfanya fundi bomba aangushe spana. Haukuwa na neno chafu hata moja. Ulisema: *Akisema hapana, ana maana ndiyo, we endelea.* Na chini yake, kama kanuni za kazi zinavyotaka, Mama Chiriku alikuwa ameandika: *Mwanamke anaitikia: eee.*

"Ubeti huu si wangu," msichana alisema. "Yule mwenzangu alikuja siku moja, akaimba, akaondoka. Mimi niliambiwa niitikie nyuma yake, nikaitikia. Nilikuwa nafikiria sauti, nipande au nishuke." Akagusa tena ule mstari mfupi. "Kumbe nilikuwa najibu."

"Niliandika nilichosikia."

"Ndivyo ilivyo, Mama, sibishi." Alivua miwani. "Huko mahakamani, maneno kama haya umewahi kuyaandika?"

Mama Chiriku alirudisha kalamu mkobani. Aliyakumbuka, si mara moja wala mbili. Yalitoka kwa wanaume waliosimama kizimbani, wengine wakiyasema kwa mshangao wa kweli, kama watu wanaoeleza jambo ambalo kila mtu analijua. Na aliwakumbuka wale waliokaa upande wa pili, ambao majibu yao ilimbidi kuyarudia mara nyingi kwa sababu walisema kwa sauti ya chini sana. Lakini kilichomshtua ni kingine. Jumapili alikuwa ameupiga chapa mstari huu mwenyewe, mezani kwake, na vidole havikusimama. Alikuwa na haraka ya kufika kwenye kitanda.

"Nimeyaandika," alisema. "Si kwenye wimbo."

Prodyuza, ambaye alikuwa akigonga meza kwa vidole tangu Mama Chiriku alipoingia, aliacha kugonga.

"Mdogo wangu ana miaka tisa," msichana akasema polepole. "Anauimba wote. Na 'eee' yangu anaijua mahali pake." Aliomba apige picha ya karatasi kwa simu yake. Mama Chiriku akamruhusu.

Nyumbani alimkuta Chiriku akimenya viazi. Aliweka mkoba, akavua viatu, na kwa sababu alikuwa amebeba mambo mazito akaanza na jepesi.

"Leo nimemwona Binti Radi kwa macho yangu. Ulikuwa sahihi. Ni kinanda."

Kisu cha Chiriku kikasimama katikati ya kiazi. "Kweli? Si kitanda?"

"Si wewe ndiye uliyeniambia kinanda?"

"Nilikuambia kinanda kwa sababu ni wewe, Mama. Nikiwa na wenzangu naimba kitanda. Sote tunaimba kitanda." Akamtazama mama yake kama mtu anayemtazama mgonjwa anayependwa. "Nilijua utaona haya."

Mama Chiriku alivuta kigoda akaketi. Kicheko kilimtoka kutoka mahali asipopajua, akacheka hadi machozi, na Chiriku naye akacheka, kwanza kwa kushangaa, kisha kwa kufurahi kwamba mambo hayakuharibika. Tangu Jumapili alikuwa amebeba karatasi mkobani ili mtoto asiione, na mtoto naye alikuwa akibadilisha herufi ili mama asisikie.

"Haya," alisema akijifuta macho. "Na ubeti wa pili?"

Chiriku aliinamia kiazi. "Maneno mengine nayajua. Mengine sijui. Kuna moja, mwenzangu mmoja anasema ni jina la dansi. Mwingine anasema ni ugonjwa."

"Lipi?"

Akalisema, kwa sauti ndogo sana. Mama Chiriku aliliandika neno hilo kazini angalau mara moja kwa mwezi, lakini hakuwahi kulisema kwa mdomo wake jikoni. Aliona masikio yakipata moto. Hata hivyo alianza, akaeleza, kwa maneno ya kawaida, kama anavyoeleza daktari mwenye subira, bila kuongeza wala kupunguza. Haikuchukua dakika mbili.

"Basi? Ni hilo tu?" Chiriku akauliza, amevunjika moyo kidogo.

"Ni hilo tu. Na ule mstari wa hapana na ndiyo?"

"Huo sisi hatuuimbi sana. Wavulana wa darasa la saba ndio wanaupenda." Alisema hivyo huku akitafuta kiazi kingine kwenye beseni. "Wanatuvuta mabegi langoni. Tukisema hapana, tuacheni, wanauimba. Halafu wanavuta zaidi."

"Wanawavuta nyinyi?"

"Mabegi tu, Mama. Lakini yule mmoja wa darasa letu kamba ya begi ilikatika, siku hizi anapita mlango wa nyuma."

Mama Chiriku alichukua kisu kingine wakamenya viazi vyote pamoja, hata vya kesho.

Jumamosi darasa lilijaa kuliko mara ya kwanza. Kulikuwa na wazazi waliosimama madirishani, na ilikuwa wazi kwamba wengi hawakuja kwa ajili ya maadili. Walikuja kusikia. Mama Chiriku alisimama mbele akasoma kama anavyosoma kumbukumbu hakimu anapotaka kurudiwa ushahidi: sauti moja, bila kupamba, bila kuruka. Katika ubeti wa pili mwenyekiti alijipepea kwa daftari la mahudhurio. Mama mmoja aliziba masikio kwa vidole, lakini si sana. Aliposoma *mwanamke anaitikia: eee*, watu wakacheka.

"Sasa tuambie," mwenyekiti akasema. "Kitanda au kinanda?"

"Kinanda. Nimesikilizishwa sauti yake peke yake, na mwenyewe amenithibitishia."

Muuguzi aliruka kutoka kwenye dawati akapiga meza kwa viganja. "Nilisema! Si nilisema?" Vicheko, makofi, yule baba wa kidonda akimpa pole mwenyekiti. Mkutano ulikuwa unageuka sherehe.

"Sijamaliza," Mama Chiriku alisema.

Alirudia mstari mmoja tu. Akasema kwamba wameusikia sasa hivi na wamecheka, na kwamba yeye mwenyewe aliuandika bila kuushtukia, kwa hiyo hamlaumu mtu. Halafu akaeleza habari za langoni, za mabegi, na za mtoto anayepita mlango wa nyuma. Hakutaja majina. Hakusema mengi ya mahakamani. Alisema tu kwamba ameshawahi kuyapiga chapa maneno hayohayo, na kwamba aliyeyasema hakuwa akiimba.

Baba mmoja aliyekuwa dirishani akasema, kama anajisemesha, "Mimi huuimba huo mstari garini. Watoto wakiwa nyuma."

"Nani anavuta mabegi?" mwenyekiti akauliza. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Ni wavulana wa darasa la saba. Sijui ni nani na nani."

Mwenyekiti alikaa. Kila mtu pale alijua ana kijana darasa la saba.

Walichoamua hakikuwa kikubwa. Wimbo usipigwe tena kwenye vipaza sauti vya shule. Watu wa redio waliandikiwa barua, na hawajajibu hadi leo. Mwalimu mkuu mwenyewe alianza kusimama langoni saa za kutoka, na siku moja aliingia darasa la saba, akauandika mstari ule ubaoni, akawaambia wausome kwa zamu, mmoja mmoja, bila mdundo. Wa kwanza walisoma wakicheka. Inasemekana zamu ya wa mwisho ilipofika hakucheka mtu. Na wazazi karibu wote, kabla ya kuondoka siku ile ya mkutano, walimwomba Mama Chiriku nakala ya maneno, kila mmoja akidai ni ya mwenzake aliyeshindwa kufika.

Kuhusu Binti Radi, kulikuwa na tetesi. Waliokwenda kwenye onyesho lake walisema alipofika ubeti wa pili aliwaachia wapiga ala wacheze peke yao, akasimama kando akinywa maji. Wengine walisema koo lilikuwa linamuuma. Mama Chiriku aliuliza watu watatu waliokuwepo akapata majibu matatu.

Ijumaa moja, karibu wiki mbili baada ya mkutano, alipotoka kwenye chumba chake kwenda kunyoosha miguu, alimkuta mwenyekiti ameketi kwenye benchi la korido ya mahakama, katikati ya watu wanaosubiri kesi zao, kofia mapajani.

"Mwenyekiti! Una kesi?"

"Sina. Nilikuwa nakusubiri wewe." Alisogea ampishe nafasi. Alizungumza kwa sauti ya chini kiasi kwamba ilibidi Mama Chiriku ainamishe kichwa. "Ni kijana wangu aliyeanzisha. Mama yake alimbana akakiri. Tangu siku hiyo nataka kuzungumza naye. Mimi nauza matairi miaka ishirini, naweza kumuuzia tairi mtu asiye na gari. Jana nimekaa naye mezani, nikakohoa, nikamuuliza masomo yanaendeleaje. Akasema vizuri. Nikasema haya."

"Unaogopa nini?"

"Nikimpiga, atakuwa amejifunza kuvuta kwa nguvu zaidi. Nikimbembeleza, atanicheka. Na nikianza kumweleza..." Aligeuza kofia. "Naogopa atanieleza yeye. Naogopa anajua mengi kuliko ninavyotaka ajue, na naogopa zaidi kama hajui kitu na anaimba tu. Nimekuja uniandikie. Kidogo tu, mistari mitano. Nitaikariri."

"Hiyo siwezi kuandika, Mwenyekiti. Mimi huandika yaliyokwisha semwa."

"Sasa nitamwambia nini?"

"Mwambie hivyo ulivyoniambia mimi."

"Kwamba naogopa?"

"Kwamba unaogopa."

Alimtazama kama mtu aliyepewa dawa chungu bila maji. Karani akatokea mlangoni akaita jina la mtu mwingine. Mwenyekiti akainuka, akavaa kofia, akashukuru, akaenda akinong'ona kitu mwenyewe, bega lake kubwa likigusa ukuta.

Jumatano iliyofuata Chiriku alirudi na habari, akaanza kuzisema kabla hajafunga mlango. Kijana wa mwenyekiti alikuja darasani kwao wakati wa mapumziko. Peke yake, hakutumwa na mwalimu. Alisimama mbele akasema samahani kwa mambo ya mabegi huku anaangalia dirishani. Kisha akatoa kamba mpya ya begi mfukoni, akaiweka juu ya dawati la yule mwenye kamba iliyokatika, akatoka karibu mbio. Wasichana wengine walicheka. Mwenye begi hakucheka, lakini kamba aliichukua.

"Na leo amepita mlango gani?"

"Wa nyuma bado," Chiriku alisema. "Amesema labda wiki ijayo." Alivua begi lake, akafikiri kidogo. "Mama, unadhani baba yake alimwambia nini?"

"Sijui."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu," alisema, na ulikuwa ukweli mtupu, ingawa tangu Ijumaa alikuwa akijiuliza swali hilohilo, barabarani, kazini, na hata pale jikoni akiwa anasubiri maji yachemke.